Nipe Upinde

Sogeeni karibu, na simu mzilaze kifudifudi kwa muda. Leo siwasimulii habari za sungura, ingawa fisi atatokea. Nataka kuwaeleza kwa nini mtu mzima kama mimi, mkazi wa Zombe huku Ukambani, mwenye mbuzi wa kufungulia asubuhi na ndengu za kupepeta, hugeuka mwindaji usiku katika nchi isiyo kwenye ramani yoyote. Jirani anasema ni utoto. Nyinyi mtaamua wenyewe.

Kuna michezo ya mtandaoni ambayo maelfu ya watu huingia wakati mmoja. Huyu yuko Nairobi, yule Oslo, mwingine Manila, na wote wanakutana darajani wakipigana na zimwi moja. Kabla hujakanyaga ardhi ya huko, mchezo hukuuliza: utakuwa nani? Askari wa ngao? Mponyaji? Mchawi wa moto? Mwizi wa kunyemelea gizani? Mwindaji? Jibu lako ndilo wachezaji huliita klasi, na ukishalitoa umetaja pia mambo ambayo hutayaweza. Askari wa ngao atapigwa rungu kutwa asianguke, lakini kidonda chake hawezi kukifunga. Mponyaji huwainua wenzake waliolala chali, ila akikutana na nguruwe mwitu wawili akiwa peke yake, safari imekwisha. Wengi wenu mkianza hutafuta klasi isiyo na upungufu. Haipo. Na mchezo ambao ingekuwapo ungewachosha upesi, kwa kuwa hakuna ambaye angemhitaji mwenzake.

Mambo haya hayakuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons: karatasi, penseli, dadu na mdomo wa msimulizi. Klasi zilikuwa 3 tu, mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka uliofuata mwizi akaongezwa, na mwaka huo huo Joe Fischer akabuni mlinzi wa nyika, mtu wa kufuata nyayo na kulala porini. Huyo ndiye babu wa wawindaji wote nitakaowataja. Kisha mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle waliwaunganisha wachezaji kwa kompyuta katika dunia ya maandishi matupu, bila picha hata moja. Ulisoma kwamba uko msituni, ukaandika kwamba unaelekea kaskazini, ukasoma ulichokikuta. Nikiwafikiria hao naona walikuwa karibu zaidi na nyanya zetu kuliko na watu wa filamu: neno linatamkwa, msikilizaji anachora mwenyewe.

Tarehe 23 Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ya California ikafungua World of Warcraft, ikiwa na klasi 9. Humo ndimo ninamowinda. Na humo mna kichekesho: kwa miaka 6 ya mwanzo mhusika wa kabila la binadamu hakuruhusiwa kuwa mwindaji. Kibete aliruhusiwa, zimwi aliruhusiwa, hata kiumbe mwenye kichwa cha fahali alipewa upinde wake, ila binadamu akaambiwa atafute kazi nyingine mpaka mwaka 2010. Aliyeandika kanuni hiyo hakuwahi kupita Ukambani.

Unachagua pia sura, na kama utakuwa mume au mke. Kule ni kubonyeza mara moja. Huku kwetu wazee walisema ukitaka kugeuka hivyo sharti ulizunguke jabali la Nzambani, lile la upande wa Chuluni, mara 7. Sijamwona aliyemaliza mzunguko wa saba.

Nilipoiona orodha ya klasi sikusita, nikamchagua mwindaji. Katika karne ya 19 Wakamba walijulikana mpaka Mombasa kwa pembe za ndovu walizopeleka pwani, na nyingi ya pembe hizo zilianza na mshale. Chuma cha mshale kilipakwa ivai, sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa kivai, ambao wanasayansi huuita Acokanthera. Ndani ya sumu hiyo mna kitu kiitwacho ouabain, nacho hufuata moyo: huukaza, huuvuruga mapigo, mwisho huusimamisha. Ikiachwa wazi ikakauka hupungua nguvu, kwa hiyo mwindaji aliizungushia ukanda mwembamba wa ngozi laini na kuufungua pale tu mnyama alipokuwa mbele yake. Sasa nisikilizeni vizuri. Mti huo hauchezewi, na tangu mwaka 1977 uwindaji umepigwa marufuku Kenya nzima. Atakayekwenda kutega paa huko Hifadhi ya Kitui Kusini kwa sababu ya hadithi yangu asinitaje mahakamani.

Kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mshale. Mnyama aliyechomwa sumu anaweza kukimbia mbali kabla hajaanguka, na wakimkuta watu wengine, alama ndiyo iliyosema ni wa nani. Mchezoni nilikuta kanuni hiyo hiyo, nikacheka peke yangu. Ukiwa wa kwanza kumpiga mnyama, jina lake hugeuka kijivu machoni pa watu wengine, na chochote atakachoangusha ni chako. Hata sumu ipo: mwindaji ana mshale wa nyoka unaomla mnyama kidogo kidogo kwa sekunde 15. Na mishale yenyewe huisha. Unaibeba katika podo, unainunua dukani, na ukiisahau utafika vitani na upinde mtupu huku wenzako wakikutazama. Ninasema habari za toleo la zamani la mchezo, lililorudishwa Agosti 2019 kwa ajili yetu wapenda taabu. Katika toleo jipya mishale haihesabiwi tena, na kwangu mimi hapo ladha imepungua.

Lakini utamu wa klasi hii ni mnyama wako. Ukifika levo, yaani daraja, ya 10 unafundishwa kufuga. Unamtafuta mnyama wa porini, unamwekea mikono, na kwa sekunde 20 huruhusiwi kurusha mshale wala kukimbia, naye muda wote huo anakurarua. Ukivumilia mpaka mwisho, anatulia na kukufuata. Mimi nilikwenda nyika moja ya humo iitwayo The Barrens: nyasi kavu, miti mmoja mmoja, twiga, simba. Mtu wa Zombe akifika pale anajiona yuko njiani kwenda Malalani wakati wa kiangazi. Nikamchukua fisi. Watu walinishangaa, maana wengi hupenda simba au chui, nao wana sababu. Mimi nilimpenda kwa vile anavyokimbia kiuno kikiwa chini.

Kufuga huko si mapambo. Paka wa porini, yaani simba na jamaa zake, hula nyama na samaki tu. Nguruwe hula chochote unachomtupia, hata jibini na uyoga, na kwa mchezaji asiye na pesa huyo ndiye mnyama wa kuanza naye. Mnyama wako akishiba na kufurahi hupiga kwa nguvu robo zaidi ya kawaida. Akiwa na njaa, nguvu hupungua robo. Ukizidi kumtesa, siku moja anakuacha, na hakuna kumrudisha. Nimeona wachezaji wa mjini wakilalamika kwamba hilo ni usumbufu. Mtoto aliyewahi kukimbizana na mbuzi hadi jioni halalamiki.

Mwindaji na mnyama wake wanaonekana hawamhitaji mtu. Ndiyo sababu watu wenye haya huichagua klasi hii, na ndiyo sababu nataka kuwaambia yaliyotokea Septemba 2005. Watengenezaji walifungua hekalu moja lenye joka la damu liitwalo Hakkar. Watu 20 wa levo ya 60 waliingia kupigana naye, naye akawapiga kwa ugonjwa unaonyonya uhai na kuruka kutoka kwa aliye nao kwenda kwa aliyesimama karibu naye. Ulikusudiwa uishie mle mle hekaluni. Lakini mwindaji ana uwezo wa kumfukuza mnyama wake aende zake, kisha kumwita tena popote. Wawindaji wakawaondoa wanyama waliokwisha kuambukizwa, wakarudi mjini kuuza vitu vyao, wakawaita. Mnyama akatokea katikati ya soko na ugonjwa wake ukiwa mzima.

Wachezaji wa levo za chini walikufa papo hapo. Wauzaji wa maduka, ambao ni wahusika wa kompyuta wasioweza kufa, wakawa wanaubeba na kuugawa kwa kila mteja. Miji ikajaa mifupa. Kampuni ikajaribu kutenga wagonjwa, na watu wakafanya wanayofanya watu popote: wengine wakakimbilia porini, wengine wakaenda makusudi kuwasaidia wagonjwa na kuishia kuueneza, na wengine, msishangae, wakaupeleka kwa wenzao kwa raha zao. Ilibidi mitambo iwashwe upya na kanuni zibadilishwe. Mwaka 2007 watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika juu ya tukio hilo katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases, wakionyesha jinsi michezo kama hii inavyoweza kuwasaidia wataalamu kuelewa mwenendo wa watu wakati wa tauni. Mfugaji yeyote wa Ukambani aliyewahi kukuta soko la mbuzi limefungwa kwa karantini angewaambia mapema: mwangalieni mwenye mnyama.

Sasa niwaeleze namna ya kupigana, maana najua ndilo mnalolingojea. Nguvu ya mwindaji ni umbali. Mshale wake unafika kama mita 32. Aibu yake pia ni umbali: adui akiwa karibu kuliko mita 7 hivi, upinde haupigi, na akiwa mbali kuliko mita 5 hivi, silaha ya mkononi haimfiki. Katika hiyo nafasi nyembamba huna kitu. Wajanja wakimwona mwindaji hukimbilia kusimama hapo hapo. Dawa ni kumkata adui mguu apunguze mwendo, kisha ukimbie, ugeuke, upige, ukimbie tena. Ukifanya vizuri, yeye anakukimbiza tu bila kugusa hadi anaishiwa. Likikushinda kabisa, unajifanya maiti. Si utani, ni ujuzi wa klasi. Unaanguka chini, zimwi linakudhania umekufa na kugeukia wengine. Wale wengine hawafurahi.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya mchezo haviwaandikii watu wa Zombe. Kompyuta zinazobeba dunia ninamocheza ziko Ulaya. Nikibonyeza kitufe, amri inatoka kwenye kompyuta yangu kuukuu inayokula chaji ya sola, inapita kwenye simu yenye bando, inarukia mnara, inashuka hadi Mombasa, inaingia katika nyaya za mwanga zilizolazwa baharini tangu mwaka 2009, inapanda Bahari ya Shamu. Kwenda na kurudi ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtandao ukiwa umetulia. Mvua ya Novemba ikianza, ongezeni. Askari wa ngao akichelewa hivyo amekufa, na mponyaji akichelewa hivyo ameua mwenzake. Mwindaji yuko nyuma kabisa, na mshale uliokawia kidogo bado unafika. Wewe mwenye mtandao wa kubahatisha, chagua upinde. Ushauri huo ni wa bure, kama zilivyo levo 20 za mwanzo za mchezo. Baada ya hapo, na katika toleo la zamani tangu mwanzo, malipo ni kama dola 15 kwa mwezi, na hizo kwa bei ya ndengu si mchezo hata kidogo. Wenye simu tupu wanaweza kujaribu Old School RuneScape, iliyoingia kwenye simu mwaka 2018. Humo hakuna klasi za kuchagua, lakini mpiga mshale humshinda mchawi, mchawi humshinda mwenye panga, na mwenye panga humshinda mpiga mshale.

Nirudi kwangu. Kuna upinde mmoja ambao mwindaji wa toleo la zamani huuota, unaitwa Rhok'delar. Safari yake huanzia kwenye jani la mti lililogeuka jiwe, nalo limo ndani ya sanduku, na sanduku limo katika pango la moto ambalo huingiwa na kikosi cha watu 40. Arubaini! Mpange saa moja ya kukutana, huyu Oslo ni jioni, yule kwingine ni alfajiri. Wenye ngao mbele, waponyaji katikati, wachawi pembeni. Mpigane saa nyingi, mfe, mrudi, na sanduku likifunguka siku hiyo jani lisiwemo. Linapotokea, wale 39 wanasimama wakikutazama ukilichukua, na wao hawapati hata unyasi.

Kisha mchezo unakwambia: sasa nenda peke yako. Kuna mashetani 4 waliojificha katika maumbo ya watu wa kawaida katika pembe 4 za dunia, na kila mmoja lazima umuue wewe, bila msaada. Mtu mwingine akigusa tu pambano lile, shetani hutoweka na unaanza upya. Kila mmoja ana hila yake. Mmoja hufukuzana nawe hadi unachoka kubonyeza, na kosa moja la mguu linatosha. Nimesikia watu wakisema hilo ndilo pambano la ushujaa wa mtu mmoja. Mimi nikilitazama naona watu 40 mlangoni, na mmoja ndani.

Mkitaka kuona jinsi kikosi kinavyovunjika katika dunia hii ya vumbi, sikieni habari ya Kivoi Mwenda. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, kiongozi wa misafara ya pembe kwenda pwani, na misafara hiyo ilikuwa na klasi zake sawasawa: muthiani wa kuongoza, wapiga pinde, wachukuzi, na mundu mue, yaani mganga, wa kuwaombea njia na kuwanyunyizia dawa ya ng'ondu. Mwaka 1849 alimpokea nyumbani kwake mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mbali akiwa Kitui. Mwaka 1851 Krapf akarudi, na wawili hao wakatoka na watu wao kuelekea mto Tana.

Karibu na mto wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa, kikosi kikatawanyika. Krapf alikuwa na bunduki, na angekuwa mwindaji wa kundi lile, lakini hakutaka kumwaga damu ya mtu. Akafyatua hewani, kisha akakimbia. Akajikuta peke yake nyikani, bila njia, bila chakula. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu, kwa hiyo aliteka maji kwa mkoba wa ngozi wa darubini yake na kwa mtutu wa bunduki, akauziba mdomo wake kwa majani. Mchana alijificha, usiku akatembea, mpaka akafika kwa watu.

Hakupokewa kwa pole. Wakamba wengi walikuwa wakimdhania mganga, kwa vitabu vyake na vyombo vyake na kule kuulizwa ulizwa habari za mvua, na ndugu za Kivoi wakamlaumu kwa kifo cha mkubwa wao. Mganga gani anamwacha kiongozi anakufa, naye anarudi mzima? Maisha yake yakawa hatarini mara ya pili, ikambidi atoroke usiku kupitia Yatta hadi Rabai. Klasi ile hakuichagua, alivishwa tu. Lakini aliyewahi kuingia pangoni na watu 40 hashangai: kiongozi akianguka, wa kwanza kutafutwa ni mponyaji.